Kuja kwa Hiari

"Hukuletwa kwa kamba." Maneno hayo niliambiwa na mtu ninayemheshimu, Mtanzania mwenzangu aliyeishi Japani muda mrefu kuliko mimi, na tangu siku hiyo hayajanitoka kichwani. Namwita mzee, na heshima yake kwangu iko palepale. Lakini hoja yake si ya kweli, tena inaumiza watu, kwa hiyo naijibu hapa kwa utulivu nilioukosa siku ile.

Ubishi wetu ulizuka kwa sababu ya mwenzangu wa kazini, kijana kutoka Nepal. Tuko naye kitengo kimoja cha ukaguzi wa ubora katika kiwanda cha vipuri vya magari mkoani Aichi. Siku moja kiliitishwa kikao cha kutangaza ratiba mpya ya zamu: baadhi ya Jumamosi zingefanyiwa kazi na wenye mikataba ya muda peke yao. Mkuu wa kitengo alisoma karatasi yake mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna mwenye maoni. Waliozoea vikao vya namna hiyo wanajua kwamba swali hilo ni la kufungia kikao. Mwenzangu alinyoosha mkono akauliza, kwa Kijapani cha adabu kabisa, kwa nini Jumamosi hizo zisigawanywe kwa wote. Mkuu alimshukuru kwa maoni yake, akakunja karatasi, watu wakatawanyika. Tathmini ya mwisho wa muhula ilipotoka, iliandikwa kuwa moyo wake wa ushirikiano una upungufu. Mkataba wake uliokuwa wa mwaka ukawa wa miezi sita.

Nilipomsimulia mzee, sikumwona hata akishtuka. "Kijana, hukuletwa kwa kamba, wala huyo Mnepali hakuletwa. Mlikuja wenyewe, mshahara mnaupokea wenyewe. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Usipoweza, ndege zipo."

Suala hapa ni ridhaa. Vitabu vinasema ridhaa ni kukubali jambo kwa hiari na kwa kulijua. Sina ugomvi na maelezo hayo. Ninachouliza ni hiki: mtu aliyeridhia kuingia mahali ameridhia nini hasa?

Ili nisieleweke vibaya, niseme kwanza kwamba napenda namna makampuni ya Japani yanavyofikia uamuzi. Kabla ya kikao, mwenye wazo huzunguka kimya kimya kutoka dawati hadi dawati, akizungumza na mmoja mmoja, akipokea pingamizi na kurekebisha. Shughuli hiyo huitwa nemawashi. Baadaye karatasi ya pendekezo, inayoitwa ringisho, hupanda kutoka ngazi ya chini hadi ya juu, na kila anayehusika huigonga muhuri wake. Kikao kinapofika, makubaliano yameshapatikana. Wageni wengi hulalamika kwamba mambo yanakwenda polepole, na wanasahau kwamba uamuzi ukishapita, utekelezaji wake ni wa haraka na hauna hujuma, kwa kuwa kila mmoja alishasikilizwa. Kwangu mimi hiyo ni hekima. Kosa halikuwa kwamba ratiba iliamuliwa kabla ya kikao. Kosa ni kwamba hakuna aliyefika kwenye dawati la mwenzangu, halafu yeye ndiye akaandikwa kuwa hana ushirikiano.

Zipo pingamizi za haki. Wapo watakaosema kwamba Wajapani wenye mikataba ya muda nao hawafikiwi. Ni kweli, na hilo linaizidisha dhuluma. Wengine watasema kuzungumza faraghani kunamwepusha mtu na aibu ya hadharani. Ni faida kubwa, ila inamfaa aliyezungumzwa naye. Na wengine watasema mwenyeji ana haki ya kulinda desturi zake, anayo.

Hoja ninayoshindwa kuivumilia ni ile ya kamba na ndege. Ni hoja kongwe, na Plato aliipa sauti nzuri kuliko mtu yeyote. Mwaka 399 K.K. Sokrates alikuwa gerezani Athens akisubiri kunywa sumu, na rafiki yake Krito akamsihi atoroke. Sokrates akazipa Sheria za mji nafasi ya kuzungumza. Sheria zikamwambia: milango ilikuwa wazi miaka yako yote sabini, ungeweza kuhama na mali yako, hukuhama, kwa hiyo ulikubali. Hapo mzee wetu angepiga makofi. Lakini Sheria zile hazikuishia hapo. Zilisema pia kwamba zilimpa raia njia mbili: atii, au azishawishi kwamba zimekosea. Hiyo ya pili ndiyo inayoipa hoja uzito wake. Kubaki kwa Sokrates kuliweza kuhesabiwa kuwa ridhaa kwa sababu alikuwa na mahali pa kusemea alipoona kosa. Mzee anaondoa nusu hiyo, anabaki na mlango peke yake, kisha anadai mlango unatosha.

David Hume aliona udhaifu huo mwaka 1748. Aliuliza kama kweli tunaweza kusema kwamba mkulima maskini ana uhuru wa kuhama nchi yake, hali hajui lugha wala desturi za kwingine na anaishi kwa ujira mdogo wa siku hadi siku. Kusema hivyo, kwa maoni yake, ni sawa na kudai kwamba mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini ameridhia utawala wa nahodha, kwa kuwa kama angetaka angejitupa baharini.

Mzee atanijibu kwamba mwenzangu hakupakiwa usingizini; alikata tiketi. Sawa. Tuitazame hiyo bahari basi. Kwa sheria za uhamiaji za Japani, mgeni mwenye kibali cha kazi za kitaaluma akiacha au akibadilisha mwajiri anatakiwa atoe taarifa ndani ya siku 14. Akikaa miezi mitatu bila kufanya shughuli iliyompa kibali, na bila sababu ya maana, kibali kinaweza kufutwa. Kwa vijana wa mpango wa mafunzo ya ufundi ulioanzishwa mwaka 1993 hali ni ngumu zaidi: tangu mwanzo, kimsingi, hawakuruhusiwa kuhamia kwa mwajiri mwingine. Wengi wao huja wakiwa na madeni ya mawakala wa kwao. Mwezi Juni 2024 Bunge la Japani lilipitisha sheria ya kuuondoa mpango huo na kuleta mwingine kuanzia 2027, ambao utaruhusu kuhama kwa masharti. Wabunge wale walikuwa wamekubali jambo ambalo mzee hataki kulikubali: mlango usiofunguka si ushahidi wa hiari ya aliyemo ndani.

Tena kuna ambao hawakuja kabisa. Park Chong-seok alizaliwa Japani, katika mkoa huuhuu wa Aichi, akakulia huko na kusoma huko, na kama Wakorea wengi wa nchi hiyo alitumia jina la Kijapani. Mwaka 1970 alifaulu mtihani wa kuajiriwa na kampuni ya Hitachi. Alipotakiwa kuleta nakala ya rejista ya familia alieleza kwamba hana, kwa kuwa ni Mkorea, na ajira ikafutwa. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1974 Mahakama ya Wilaya ya Yokohama ikaamua kwamba amebaguliwa. Aliingia kampuni ileile akafanya kazi hadi kustaafu. Ningependa mtu amwambie Park kwamba hakuletwa kwa kamba. Angepanda ndege gani, na kwenda kwao kupi? Kampuni ilimwona mgeni kabla haijamuuliza alitoka wapi, na huo ndio ushahidi wangu kwamba suala la kuja halikuwa msingi wa jambo hili. Linaletwa baadaye, ili kuhalalisha kutosikiliza ambako kulishaanza.

Na mgeni akifungua kinywa je? Ronald McLean, Mmarekani mwalimu wa Kiingereza, alifika Japani mwaka 1969. Alibadilisha mwajiri bila kibali, akashiriki maandamano ya amani ya kupinga vita vya Vietnam, na mwaka 1970 akanyimwa kuongezewa muda wa kukaa. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ilisema kwamba haki za msingi za katiba zinawahusu wageni pia, isipokuwa zile ambazo kwa asili yake ni za Wajapani peke yao. Maandamano yale hayakuwa kosa la jinai. Hata hivyo, ilisema mahakama, ulinzi huo uko ndani ya mfumo wa vibali vya ukaazi, na waziri anaweza kuyahesabu matendo yale dhidi ya mgeni anapoomba kuongezewa muda. Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi na kila mara naiona sura ya kikao chetu. Kuuliza hakukukatazwa, mkuu aliomba maoni kwa kinywa chake. Gharama ilisubiri siku ya kuongeza mkataba.

Huwa najiuliza kwa nini hoja dhaifu namna hii inapendwa sana, hasa na sisi wageni wenyewe, tunaorushiana sisi kwa sisi kuliko tunavyorushiwa na wenyeji. Nadhani inampa msemaji faraja. Aliyefumba jicho miaka mingi akiambiwa kwamba kufumba hakukuwa lazima, atafanya nini na miaka hiyo? Lakini methali aliyoitumia mzee ni ya msafiri, na mwenzangu si mpita njia: anakatwa kodi na michango ya pensheni kila mwezi. Wahenga waliokuwa na hekima juu ya mgeni walisema pia kwamba siku ya tatu apewe jembe. Sijasikia mahali walipoongeza kwamba mwenye jembe asiulize kwa nini yeye peke yake ndiye analimishwa penye mawe.

Niseme kidogo kuhusu mihuri, maana ni jambo nisilochoka kulitafakari. Karatasi ya ringisho ina safu ya visanduku vidogo, kila kimoja kikisubiri duara jekundu lenye jina la mtu. Katika baadhi ya benki na ofisi kuna desturi ya wa chini kuinamisha muhuri wake kidogo kuelekea ule wa bosi, ili jina lenyewe lionekane likiinama. Mgeni naye hununua muhuri wake, na jina refu la kwetu hubanwa kwa herufi za katakana ndani ya duara lisilozidi upana wa kidole. Mwaka 2020 serikali ilianza kampeni ya kuondoa mihuri katika shughuli zake nyingi, lakini katika kampuni yetu wino mwekundu bado haujakauka.

Muhuri maarufu kuliko yote nchini humo uko Fukuoka. Ni wa dhahabu, mraba wa takriban sentimita 2.3 kila upande, na kishikio chake kimechongwa kama nyoka. Mkulima aliufukua mwaka 1784 alipokuwa akitengeneza mfereji wa shamba la mpunga kisiwani Shikanoshima. Wanahistoria wengi wanaamini ndio ule ambao mfalme wa Han wa China alimpa mjumbe wa ufalme mdogo wa Na mwaka 57. Maana yake ni kwamba muhuri huo wa kale ulitoka ng'ambo: watu wa Na walivuka bahari kuutafuta, kwa sababu walitaka kutambuliwa na mtu asiyekuwa wa kwao. Muhuri hauna kazi peke yake. Lazima awepo mwingine ambaye karatasi yake ina nafasi ya kuupokea.

Mwenzangu wa Nepal ana muhuri. Aliutumia kufungulia akaunti ya benki na kugonga mkataba wake, ule wa mwaka na sasa huu wa miezi sita. Lakini katika kampuni hii hakuna karatasi ya ringisho iliyowahi kupita mezani kwake ikiwa na kisanduku chake. Muhuri wake unahitajika pale anapokubali kilichokwisha kuamuliwa, hauhitajiki pale kinapoamuliwa. Mzee anakuita kukubali huko ridhaa. Mimi naona kukubali kilichoamuliwa, bila kushiriki kabisa katika kukiamua, kunabaki kuwa stakabadhi ya kuonyesha kwamba mzigo umepokelewa.

Nikifika hapo nakutana na ugumu ambao sijaumaliza. Kama sauti ndiyo inayofanya kubaki kuwe ridhaa, sauti hiyo ianze lini? Aliyeingia kazini jana hawezi kuzungukiwa na kila pendekezo, na nemawashi ikimfikia kila mtu kwa kila jambo itavunjika kwa uzito wake. Mpaka ni lazima uwepo. Nani auchore, na aliye nje ya mpaka atashirikishwaje katika kuuchora kabla hajaingia? Mwishoni mwa Oktoba 2024 wafanyakazi wa kigeni nchini Japani walikuwa zaidi ya milioni 2.3, Wavietnam wakiwa wengi kuliko wote, na bado sijaona jibu la swali hilo katika kampuni yoyote niliyoifahamu kwa ndani.

Ugumu wa pili ni mzee mwenyewe. Ana ukaazi wa kudumu, ana nyumba, anasema ameridhika. Siwezi kumwambia mtu mzima kwamba haridhiki na anachosema anaridhika nacho. Ningekuwa namnyang'anya sauti ileile ninayoidai kwa mwingine. Ridhaa yake inaweza kuwa kamili. Ninachobishana naye ni haki yake ya kuichukua ridhaa hiyo na kumvika mwenzangu. Mkataba wa miezi sita unakwisha mwezi Machi, na nadhani kijana atagonga muhuri tena, kwa sababu ana mke na mtoto Kathmandu. Mzee atasema: unaona, amekubali. Nitamkatalia. Lakini akiniuliza hicho alichofanya kijana kiitweje, kama si kukubali na si kulazimishwa, bado natafuta cha kumjibu.