Wema Wenye Siku na Daftari

Yuko mtu ambaye kila wiki, siku ile ile na saa ile ile, huacha duka lake au afisi yake akaenda kula chakula cha mchana pamoja na wenziwe thelathini au arubaini. Jina lake hutiwa alama katika daftari la mahudhurio, husikiliza hotuba fupi, hutoa mchango, kisha hurejea kazini. Ukimwuliza alikuwa akifanya nini huko, atakujibu kuwa alikuwa katika kuhudumia watu. Je, jibu hili ni la kweli? Na je, yamkini mtu kuwa mwema kwa miadi, kama aendaye kwa mganga wa meno? Hilo ndilo suala tulitakalo kulitazama, maana latuhusu zaidi kuliko linavyoonekana.

Vyama vya namna hii ni vingi duniani, na mashuhuri katika hivyo ni Rotary. Asili yake ni mkutano wa watu wanne tu, usiku wa tarehe 23 Februari 1905, katika mji wa Chicago. Mmoja alikuwa wakili, Paul Harris, aliyelelewa mashambani na akahisi upweke katika mji mkubwa. Wenziwe walikuwa muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshoni wa nguo. Walikutana kwa zamu, leo katika afisi ya huyu na kesho ya yule, na kule kuzunguka ndiko kulikokipa chama jina lake. Wala tusidhani kuwa walianza kwa nia ya kuwaokoa maskini. Walitaka urafiki, na walitaka kufaana katika biashara. Huduma ilikuja baadaye, na miongoni mwa kazi za mwanzo walizoshughulikia ni kutaka mji ujengewe vyoo vya watu wote. Twapenda mwanzo huu, kwa kuwa hauna fahari. Nairobi ilipata chama chake mwaka 1930, katika mji ambao wakati ule hata mitaa ya kukaa ilikuwa imegawanywa kwa rangi za watu.

Chama hiki kilikuwa na kanuni mbili zilizo muhimu kwa maneno yetu. Ya kwanza ni kuwa kila kazi ya mji iwe na mtu wake mezani: daktari mmoja, mwashi mmoja, mwenye benki mmoja. Ya pili ni kuhudhuria. Kwa miaka mingi, aliyekosa mikutano minne mfululizo bila ya udhuru aliweza kupoteza kiti chake, na aliyekuwa safarini alitakiwa alipe mkutano wake katika chama cha mji aliofikia. Kanuni hiyo ililegezwa mwaka 1987? La, mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua jambo jingine, tutakalolifikia. Kuhudhuria kulilegezwa mwaka 2016, vyama vilipopewa hiari ya kupunguza mikutano hata ikawa miwili kwa mwezi.

Hapa msomaji atatukumbusha kuwa wako wanavyuoni waliokataza Waislamu kuingia katika vyama hivi, kwa kuvishuku kuwa vina uhusiano na Masoni. Twalijua hilo. Na shaka hizo hazikuwa za upande wetu peke yetu, maana mwishoni mwa mwaka 1950 Vatikani nayo iliwakataza mapadri wake wasiwe wanachama. Lakini sisi hatuandiki kumwita mtu aingie wala kumtoa aliyeingia. Twauliza jambo lililo kabla ya hilo: mpango wa kukutana kila wiki kwa ajili ya manufaa ya mji una thamani gani, na sisi tunao au hatunao?

Wako wasemao kuwa wema wa kuandikwa daftarini si wema. Husema: mtu akija kwa kuogopa kupoteza kiti, akatoa kwa kuona haya mbele ya wenziwe, kisha akapigwa picha akikabidhi viti vya magurudumu, hapo pana nia gani? Hoja hii ina uzito, wala hapana mwanafunzi wa dini asiyejua kuwa amali hupimwa kwa nia na kuwa riya huila sadaka ikaimaliza. Ile picha ya hundi kubwa ya karatasi, iliyo ndefu kuliko mtoto anayepewa, sisi hutuchukiza. Lakini tuangalie hoja hii hutumiwa na nani. Aghalabu huisikia kwa aliyekaa barazani, ambaye hakutoa kwa siri wala kwa dhahiri. Fudhayl bin Iyadh, aliyekuwa katika wachaji Mungu wa karne ya pili ya Hijra, alikwisha kuonya kuwa kuacha amali kwa ajili ya watu nako ni riya. Isitoshe, nia si kitu ambacho mtu hukaa akakingojea kimshukie. Mtoto hupelekwa chuoni kwa kushikwa mkono, na pengine kwa fimbo. Baada ya miaka husoma kwa kupenda mwenyewe. Nani atasema kuwa kisomo chake ni batili kwa kuwa siku ya kwanza alilia?

Sasa tutazame mitaa yetu. Akifa mtu usiku wa manane, kabla ya jua kupanda sanda imekwisha kununuliwa, kaburi linachimbwa, na mchele wa matanga umefika. Hapana aliyepiga kengele wala aliyeshika daftari. Huu ni wema mkubwa, na miji mingi ya mbali ingeuonea wivu. Lakini katika mtaa huo huo pana mtaro wa maji ya mvua ulioziba kwa taka tangu masika ya mwaka juzi. Watoto huruka juu yake wakienda chuoni. Mbu huzaa humo. Wazee hukaa hatua kumi kutoka hapo baada ya Magharibi, wakalaumu serikali kwa ufasaha mkubwa, kisha wakaenda kulala. Kwa nini watu wale wale waliochimba kaburi kwa saa tatu hawauzibui mtaro kwa miaka miwili?

Si kwa uvivu, na si kwa ubahili. Twaona kuwa sababu ni hii: msiba huja na siku yake, mtaro hauna siku. Maiti hawezi kungojea mpaka kesho kutwa, uchafu waweza. Msiba una wenyewe, ambao macho yao yatamwona asiyekuja. Mtaro hauna wa kuona haya mbele yake. Basi sisi ni wema wa dharura, na mji hauendeshwi kwa dharura. Huendeshwa kwa mambo ya kuchosha: kufuata barua, kuhesabu mapipa ya taka, kurudi afisini mara ya tatu kumwuliza karani yule yule suala lile lile.

Katika elimu yetu jambo hili lina jina. Ni faradhi ya kifaya: wakilisimamia baadhi, wengine wameokoka, wakiliacha wote, wote wana dhambi. Imamu wa Haramaini, Al-Juwaini, aliipa faradhi hii cheo kikubwa sana, kwa kuwa mwenye kuitimiza huwaokoa wengine wote pamoja naye. Na mwanafunzi wake Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, alilalamika kuwa miji imejaa watu wanaosongamana katika mabishano ya fiqhi, na hali hapana Mwislamu hata mmoja aliye tabibu. Kila mtu alijua kuwa utibabu ni faradhi. Kila mtu alidhani kuwa kuna mwingine. Hiyo ndiyo hatari ya kifaya. Jukumu la wote, lisipowekewa siku na majina, huwa halina mwenyewe. Daftari lile la mahudhurio, ambalo wengine hulicheka, kazi yake ni kuligeuza jukumu la wote likawa la fulani bin fulani.

Na manufaa ya subira hiyo yameonekana. Mwaka 1979 Rotary ilianza kusaidia chanjo ya polio, ugonjwa wa kupooza watoto, huko Ufilipino. Mwaka 1985 ikaahidi kuifikisha chanjo hiyo duniani kote, na mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani na wengine wakaungana nayo. Wakati ule ugonjwa ulikuwa katika nchi zaidi ya 125, ukiwapata watu wanaokadiriwa kuwa 350,000 kwa mwaka. Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa limeepukana na polio ya asili. Hesabu miaka: ni zaidi ya thelathini. Hapana huruma ya ghafula inayodumu miaka thelathini. Wengi walioanza kutoa walikufa kabla ya kuona mwisho, na chakula cha mchana kikaendelea.

Lakini katika habari hiyo hiyo imo aibu ya mpango huu. Mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini ya Nigeria, na Kano ikiwa mbele, yalisimamisha chanjo, kwa uvumi kuwa imetiwa dawa ya kuwafanya watu tasa. Uvumi ulikuwa wa uongo, na watoto walipooza kwa sababu yake, na ugonjwa ukarejea katika nchi zilizokuwa zimekwisha kuokoka. Kano haikuanza tena mpaka Julai 2004, baada ya kuletewa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Fedha zilikuwapo, dawa ilikuwapo, mikutano ilifanywa. Kilichokosekana ni imani ya wale waliokuwa wakihudumiwa, ambao hawakuwa mezani.

Hapa ndipo tunapoikosoa ile kanuni ya kwanza. Mtu mmoja wa kila kazi, ni vyema. Lakini mchukuzi hakuwa na kiti, wala mfagiaji, wala muuza maji. Hata wanawake walifungiwa mlango mpaka ile hukumu ya mwaka 1987 tuliyoitaja, na chama kikabadili kanuni yake mwaka 1989. Anayejadili mtaro bila ya mtu anayeishi ukingoni mwake atajenga daraja zuri mahali pasipopita mtu. Wakuu wa Makureshi waliokutana nyumbani kwa Abdalla bin Jud'an, wakafunga ule mwafaka uitwao Hilful-Fudhul, walikutana kwa sababu ya mgeni wa Yemen aliyedhulumiwa bei ya mali yake, akapaza sauti yake Makka wakamsikia. Mtume (S.A.W.) alihudhuria angali kijana, kabla ya utume, na baadaye alieleza kuwa lau angeitwa kwa jambo kama lile katika Uislamu angeliitikia. Kilichowakutanisha ni kilio cha asiye na ukoo mjini.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyatia maji ya mvua ya mijini katika kazi za kaunti, na imelitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Basi mtaro wetu una wa kuulizwa, na upo mlango wa kuulizia. Lakini mikutano hiyo huhitaji mtu aliyekwisha kuzoea kuhudhuria, anayejua kilichosemwa mara iliyopita na ahadi aliyotoa diwani.

Twapendekeza nyumba ishirini za mtaa mmoja zikutane Alhamisi baada ya Alasiri, nusu saa, kwa kahawa chungu bila ya karamu. Daftari alishike mama anayeuza mahamri karibu na mtaro, maana yeye hukosi kumwona. Jambo la kwanza liwe moja tu, nalo ni mtaro. Na atakayekosa mara nne mfululizo, aendewe nyumbani aulizwe hali.