Kusimulia Maumivu Hadharani: Podikasti, Sitara na Afya ya Akili

Podikasti ya visa binafsi ni kipindi cha sauti ambamo mtu husimulia mwenyewe jambo lililomuumiza: msiba, sonona, ulevi, kubakwa, mimba iliyoharibika, ndoa iliyovunjika. Kipindi hurekodiwa, huhaririwa, kisha huwekwa kwenye intaneti, na mwenye simu hukisikiliza saa yoyote atakayo. Masimulizi ya namna hii yaliitangulia teknolojia yenyewe. Jukwaa la The Moth lilianzishwa New York mwaka 1997, na kwa zaidi ya miaka kumi watu walipanda mbele ya hadhira wakasimulia visa vyao vya kweli bila karatasi, hadi mwaka 2008 sauti hizo zilipoanza kusambazwa kama podikasti. Afrika Mashariki nayo ina vipindi vyake. Kimojawapo ni Legally Clueless cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 2019 na Adelle Onyango, aliyekuwa tayari mtangazaji maarufu wa redio, na ambacho hutenga nafasi kwa Waafrika wengine kusimulia waliyopitia.

Watetezi wa vipindi hivi husema kwamba kusema ni kupona. Kauli hiyo ina ukweli, lakini imechanganya mambo mawili yasiyofanana: faida ya anayesema na faida ya anayesikiliza. Ya pili ina msingi imara kuliko ya kwanza. Msimuliaji hufaidika pale ambapo kisa chake kimekwisha kupokelewa na mtu anayeweza kumjibu kabla hakijafikishwa kwa umma, na mafundisho ya dini, yakitazamwa kwa makini, yanaelekea huko huko.

Maadili ya Waswahili yenyewe yanavuta pande mbili. Methali husema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa hiyo anayenyamazia sonona hadi imlemee hana wa kumsifu. Lakini heshima ya mwambao imesimama juu ya sitara: ya nyumbani hayatolewi barazani, na mwosha maiti hasimulii alichokiona. Pande hizi mbili hazigongani kama zinavyoonekana kwa mbali. Ya kwanza inamtaka mgonjwa aseme kwa anayeweza kumsaidia. Ya pili inamkataza kila mtu kuyafanya maumivu ya watu kuwa mazungumzo ya mtaani. Podikasti imefika katikati ya pande hizo, nayo inasema kwa anayeweza kusaidia na kwa mtaa mzima kwa wakati mmoja.

Ukristo uliwahi kulijaribu jambo hili kwa vitendo. Katika karne za mwanzo, waumini waliotenda dhambi kubwa walifanya toba mbele ya kanisa zima. Mwaka 459 Papa Leo I aliwaandikia maaskofu wa Italia akikataza dhambi za watubuji zilizoandikwa kwa kina zisisomwe hadharani. Alitaka waungame kwa siri kwa padri, kwa kuwa wengi wangeikimbia toba kwa aibu au kwa hofu kwamba maadui zao wangeyatumia waliyoyasikia. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ukamtaka kila Mkristo aungame walau mara moja kwa mwaka, na papo hapo ukaamua kwamba padri atakayetoa siri ya maungamo avuliwe cheo na kufungiwa katika monasteri afanye toba maisha yake yote. Wajibu wa kusema na wajibu wa kutunza siri vilitungwa pamoja. Kanisa lilitambua kwamba mtu hawezi kudaiwa afungue moyo wake ikiwa aliye upande wa pili hadaiwi chochote.

Uislamu haukuweka mpatanishi kati ya mja na Mola wake katika toba, na sitara ndani yake ina nguvu zaidi. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inawalaumu wanaofanya uovu usiku, Mwenyezi Mungu akawasitiri, kisha wao wenyewe wakaamka asubuhi kuutangaza. Anayezikataa podikasti za visa binafsi anaweza kulitegemea fundisho hili, naye ana haki wakati msimuliaji anajivunia maovu. Lakini hadithi hiyo inahusu dhambi ya mtenda, nayo haizungumzii jeraha la aliyetendwa. Sura An-Nisai, aya ya 148, inamtoa aliyedhulumiwa katika katazo la kutangaza maneno mabaya. Mwanamke anayesimulia kipigo cha mumewe hafichui dhambi yake. Kumnyamazisha kwa jina la sitara ni kumsitiri aliyempiga.

Vitabu vitakatifu pia haviyaoni malalamiko kuwa ni upungufu wa imani. Nabii Yaakub, katika aya ya 86 ya Sura Yusuf, anayapeleka majonzi yake kwa Mungu bila kuyakana, na huzuni ilikuwa imeyafanya macho yake meupe. Ayubu wa Biblia analia kwa sura nyingi, na mwishoni Mungu anawakemea rafiki zake waliokuwa wakimfafanulia mateso yake, ilhali yeye aliyelalamika anaambiwa amenena yaliyo sawa. Jambo jema pekee walilofanya rafiki hao ni lile la mwanzo: kukaa naye chini siku saba bila neno.

Wanafikra wawili walioacha masimulizi makubwa ya misukosuko ya nafsi zao wanafundisha jambo jingine, nalo ni muda. Augustino wa Hippo aliongoka mwaka 386, lakini alianza kuandika Maungamo yake yapata miaka kumi na zaidi baadaye. Abu Hamid al-Ghazali alikuwa mwalimu mashuhuri wa chuo cha Nidhamiyya mjini Baghdad mwaka 1095 ulimi wake ulipozuiwa hata akashindwa kufundisha. Chakula hakikupita, na matabibu wakakata tamaa. Aliondoka Baghdad akaishi maisha ya upweke kwa miaka, na kisa hicho akakiandika zaidi ya miaka kumi baada ya tukio. Alipokiandika aliweza kukitazama kama jambo lililokwisha kupita na kuona lilimpeleka wapi. Wengi wanaokaribishwa mbele ya kipaza sauti leo hawapewi nafasi hiyo. Msiba wa mwezi uliopita una mvuto kwa wasikilizaji kwa sababu bado unavuja damu, na mwandaaji anayeutafuta kwa sababu hiyo anamtumia mfiwa kama malighafi ya kipindi.

Tiba ya mazungumzo ya kisasa ilianza na kauli ya kusema ni kupona. Josef Breuer na Sigmund Freud waliichapisha katika uchunguzi wao wa mwaka 1895, wakieleza jinsi dalili za wagonjwa zilivyopungua walipoyasema yaliyozikwa. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall, alichapisha jaribio ambalo limerudiwa mara nyingi tangu hapo. Wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, juu ya tukio lililowaumiza kuliko yote. Mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini katika miezi iliyofuata baadhi yao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika juu ya mambo ya kawaida. Uchambuzi wa majaribio mengi ya aina hiyo umeonyesha kwamba faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Ikumbukwe pia kwamba maandishi hayo hayakuwa ya kusomwa na umma. Kilichomsaidia mwandishi kilitokea kati yake na karatasi, na zaidi kwa wale ambao maneno yao yalisogea siku hadi siku kutoka kulia hadi kuelewa.

Kusema peke yake kunaweza hata kudhuru. Kuanzia miaka ya 1980 ilienea desturi ya kuwakusanya walionusurika ajali na maafa ili wasimulie yote katika kikao kimoja mara baada ya tukio. Tathmini za baadaye zilikuta kwamba kikao hicho kimoja hakikuzuia kiwewe, na baadhi ya watu waliendelea vibaya kuliko ambao hawakuhudhuria. Miongozo ya tiba sasa inakiepuka.

Mfano ulio karibu zaidi na podikasti ni Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu. Ilipokea taarifa za waathiriwa zaidi ya 20,000, na kuanzia Aprili 1996 takriban 2,000 miongoni mwao walisimulia mateso yao katika vikao vya wazi vilivyosikika redioni nchi nzima. Taifa lilijifunza mambo ambayo utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa umeyakana kwa miongo. Hata hivyo, utafiti wa Debra Kaminer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001, haukuona tofauti ya maana katika hali ya akili kati ya waathiriwa waliotoa ushahidi hadharani na wasiotoa. Masimulizi yale yalilipa taifa ukweli wake. Hayakuwa yametengenezwa ili yaponye, na hakuna haki ya kuwalaumu waliosema wasipone.

Kwa upande wa msikilizaji, mambo ni tofauti. Mtu mwenye sonona huamini kwamba hakuna mwingine aliyewahi kuwa hivyo alivyo. Imani hiyo ni sehemu ya ugonjwa. Sauti ya mtu asiyemjua ikimweleza kwa usahihi jinsi asubuhi zinavyokuwa nzito inaivunja imani hiyo pasipo kubishana nayo. Watafiti wa Austria walioongozwa na Thomas Niederkrotenthaler walionyesha mwaka 2010 kwamba habari za magazeti kuhusu watu waliofikiria kujiua kisha wakapata njia ya kuendelea kuishi ziliandamana na kupungua kwa vifo vya kujiua. Waliliita jambo hilo kwa jina la Papageno, mhusika wa opera ya Mozart anayekusudia kujinyonga, vijana watatu wakamkumbusha njia nyingine. Kinyume chake kilikuwa kimejulikana tangu mwaka 1974: habari zinazokieleza kifo chenyewe kwa msisitizo hufuatwa na vifo zaidi. Kwa hiyo ubora wa podikasti unategemea sana sehemu ya kisa inayopewa muda mrefu. Kipindi kinachochambua njia ya kujiua kwa dakika kumi, kisha kikamalizia kwa shukrani, kinadhuru hata kama nia ni njema.

Faida hiyo ni kubwa kwa aliye mbali na watu wake. Katika matanga, mfiwa huulizwa na kila anayeingia ilikuwaje, naye husimulia tena na tena mbele ya watu wanaomjua, kwa siku zenye kikomo. Mfanyakazi wa ndani kutoka Kenya au Uganda aliyefiwa akiwa Ghuba hana matanga, mara nyingi hana hata ruhusa ya kutoka nje; simu ndiyo baraza yake. Hata hivyo sauti iliyorekodiwa haimuulizi lolote. Mradi wa Benchi la Urafiki, ulioanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda na baadaye kufika Zanzibar, unaonyesha kinachokosekana. Bibi aliyefunzwa huketi na mgonjwa kwenye benchi la zahanati, humsikiliza, kisha humuuliza watatatua lipi kwanza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilithibitisha kwamba dalili za sonona zilipungua. Podikasti njema humfikisha msikilizaji kwenye benchi la namna hiyo, na namba za msaada zinazotajwa mwishoni mwa kipindi zinapaswa kuwa zimejaribiwa na mwandaaji mwenyewe.

Kuna pia watu waliomo katika kisa bila kuulizwa. Paul Ricoeur alifundisha kwamba mtu hujitambua kwa kisa anachojisimulia, na kisa hicho siku zote kimesokotwa na visa vya wengine. Galen Strawson alipinga mwaka 2004, akisema wapo wanaoishi vizuri bila kuyaona maisha yao kama hadithi; pingamizi hilo linamlinda yule asiyetaka kusimulia asihesabiwe kuwa mgonjwa. Lakini wasimuliaji na wapingaji wote wana mama, wana watoto, wana wapenzi wa zamani. Augustino alimwandika mama yake Monica baada ya kufariki, na mwanamke aliyeishi naye miaka mingi akamzalia mwana hakumtaja jina hata mara moja. Mtoto anayesimuliwa na mzazi wake leo atakuja kuisikia sauti hiyo akiwa na miaka 20, na wenzake wataisikia.

Sheria nayo imo. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka miwili, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Kabla ya hapo, aliyesimulia usiku wake mbaya kuliko yote alikuwa akikiri kosa la jinai kwa sauti yake mwenyewe.

Mengi kati ya haya yako mikononi mwa mwandaaji. Anaweza kuuliza kabla ya kurekodi nani mwingine amekwisha kukisikia kisa hiki, na jibu likiwa hakuna, kuahirisha. Anaweza kumsikilizisha msimuliaji nakala iliyohaririwa, kumwachia haki ya kuondoa sehemu yoyote, na kumpigia simu wiki moja baada ya kipindi kutoka, wakati ambapo maoni ya watu yameanza kumfikia naye amebaki peke yake.