Bomba Lililo Chini ya Sakafu

Mama mmoja hapa Matai alikuwa akijiandaa kumpokea mama mkwe wake, ambaye magoti yanamsumbua na hawezi tena kuchuchumaa. Yeye na mumewe wakaamua kung'oa sinki la zamani na kuweka choo cha kukaa. Sakafu ya choo kile ilikuwa na unyevu siku zote, hata kiangazi. Walishaipiga saruji upya, ikakauka kwa muda, ikalowana tena. Fundi alipofika, kabla ya kushika nyundo alilaza kiganja sakafuni, akakiacha hapo kitambo. "Bomba limepita chini na linavuja," akasema. "Nikiweka choo kipya bila kulihamisha, mtaniita tena." Akafunga koki ya kwenye mita, akakata bomba la zamani, akaziba ncha yake, kisha akapitisha jipya nje, ukutani, mahali panapoonekana.

Usione ajabu mchungaji kuzungumzia choo. Kampeni ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwaka 2017, ilitusaidia kulitaja jambo hili hadharani, na Biblia ilitangulia: Kumbukumbu la Torati sura ya 23 inawaagiza Waisraeli wachimbe na kufukia, kwa kuwa Mungu hutembea katikati ya kambi yao. Hakuna kona ya nyumba asiyoijali.

Mama huyu ameniruhusu niseme yafuatayo. Alipochelewa kupata mtoto, mama mkwe alimtamkia maneno mazito. Ameshasema mara nyingi, "Nimesamehe," na nina hakika hakudanganya. Hata hivyo, kila mkwewe alipokuja kuwatembelea, maneno yale yalirudi kama unyevu wa sakafu ile: katika salamu fupi, katika chai iliyoandaliwa bila kuketi pamoja.

Je, nawe ipo habari unayoirudia kimoyomoyo ukiwa unafua, au ukipukuchua mahindi peke yako? Inakupeleka wapi ikimaliza kupita? Sikuulizi ili nikulaumu. Mtu aliyeumizwa husimulia jeraha lake, na kuacha kulisimulia nako kunauma, maana limeshakuwa njia yake ya kujilinda.

Kazi ilipokwisha, fundi alizungushia kila kiungo kipande kikavu cha karatasi ya chooni. Kesho yake akarudi kupapasa. Kiungo kimoja kilikuwa kimelowana kidogo; alikikaza tu, hakuvunja ukuta. Mimi naamini Bwana hutushughulikia hivyo hivyo tunaposamehe leo na kujikuta tumenuna kesho.

Mama mkwe ameshafika. Kila jioni mama huyu humpelekea maji ya moto ya kuoga, nanyi mnaijua baridi yetu ya Julai, kisha humshika mkono kwenye kizingiti. Yale maneno bado hawajayazungumza. Tuwaombee. Na kama wewe nawe una jambo la namna hii, Jumatano baada ya ibada nitakuwepo kanisani; njoo tuketi.