Nyumba Yako ni Shilingi Ngapi?

Twaandika safari hii juu ya kodi ya majengo. Tunajua wako watakaosema kwamba watu wa kanisa wangefanya vyema kushughulika na sala na kuiachia Serikali mambo ya Serikali. Lakini neno hili limetufuata mpaka mlangoni. Limeingia katika mita ya umeme, na Jumapili baada ya ibada twawasikia watu wakilizungumza chini ya mwembe kuliko wanavyoyazungumza mahubiri.

Habari yenyewe ni fupi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kidogo kidogo mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mwanzoni ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapandishwa hadi shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa nyumba za ghorofa za mijini, kila sakafu ilipanda kutoka 5,000 hadi 7,500 kwa mwezi. Nyumba za udongo na za kuezekwa kwa nyasi zimesamehewa. Kwa hiyo jirani aliyeuza tumbaku vizuri, akachoma matofali na kuweka bati, amevuka mpaka. Jana alikuwa mtu asiyedaiwa, leo anadaiwa, na anadaiwa sawasawa na mwenye nyumba ya vyumba kumi, vigae juu na ukuta kuizunguka, maadamu haina ghorofa.

Swali letu ni hili: je, ni haki nyumba zisizofanana zitozwe kodi inayofanana? Na kama si haki, ni nani apewe mamlaka ya kuitazama nyumba ya mwenzake na kusema, hii thamani yake ni kiasi fulani?

Katika nchi hii ya Unyamwezi njia zote mbili zimekwisha kujaribiwa, wala hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilipita pande hizi zetu za magharibi, na siku za Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, mingi ililazimika kupatana naye kwanza. Watemi walitoza hongo: nguo, shanga, nyaya za shaba. Hapakuwa na bei iliyoandikwa. Watu wa mtemi walihesabu mizigo, wakamtazama mwenye msafara na bunduki zake, kisha wakataja kiasi. Mwenye msafara akalia kwamba yeye ni maskini. Siku mbili tatu zikapita katika kubishana, na wapagazi wanakula tu. Ukifikiri vizuri, huo ulikuwa uthamini. Mwenye vingi alidaiwa vingi, jambo ambalo lina haki ndani yake. Ubaya ni kwamba kipimo kilikaa mdomoni mwa mtozaji, hakuna aliyeweza kukiona. Na neno hongo lina maana gani leo, hata mtoto wa darasa la tatu atakuambia.

Kisha wakaja Wajerumani, na kuanzia mwaka 1898 wakatoza kodi ya kibanda, kwa kawaida rupia 3 kwa kibanda cha shamba. Asiye na fedha aliweza, mwanzoni, kulipa kwa mazao au kwa kazi. Waingereza nao wakatunga sheria yao ya kodi ya kibanda na ya kichwa mwaka 1922, ili hata mwanamume asiye na kibanda asiponyoke. Hapa ubishi wa siku tatu ulikwisha. Karani alihesabu mapaa akaandika. Lakini karani huyo hakuuliza ndani ya paa mna nini, kama mna mahindi ya mwaka mzima au mna mgonjwa. Kote Afrika ya Mashariki ilionekana kwamba watu walijibana wengi katika kibanda kimoja ili vihesabiwe vichache. Nyumba, ambayo ni mahali pa kuzaliwa na kufia, ikawa kitu cha kuepuka kujenga.

Basi kodi ya leo imerithi upande upi? Twasema bila kuficha kwamba imerithi upande wa kibanda. Haikuwa hivyo tangu awali. Sheria ya mamlaka za miji ya mwaka 1983 ilitaka kila jengo lithaminiwe kwa bei ambayo lingeuzwa sokoni. Na kama bei hiyo haijulikani, zihesabiwe gharama za kulijenga upya, kisha zipunguzwe kwa ajili ya uchakavu wake. Ardhi haihesabiwi humo, kwa kuwa ardhi ni mali ya umma na ina pango lake. Orodha ya thamani iliwekwa wazi, watu waisome, na aliyeona ameonewa aliweza kupinga. Ni mpango mzuri. Ulishindwa na jambo moja la kibinadamu sana: wathamini ni wachache, majengo ni mengi, na kumlipa mthamini aizungukie nyumba ya mjane kunaweza kugharimu kuliko kodi itakayopatikana humo. Mwaka 2017 Serikali ikaamua kwamba nyumba ambazo hazijathaminiwa zilipe kiwango kimoja, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Kiwango kimoja kina sifa yake, tusikidharau. Hakuna mtu atakayekuja jioni kukunong'oneza kwamba ukimpa kitu kidogo ataiandika nyumba yako kuwa mbovu.

Wako Wakristo watakaosema kwamba kiwango kimoja ndicho haki yenyewe, kwa kuwa mbele za Mungu sote tu sawa. Nao watatuonyesha Kutoka sura ya 30, ambako kila aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli, tajiri asiongeze na maskini asipunguze. Ni kweli imeandikwa. Lakini tusome pia Walawi sura ya 27. Hapo mtu akiiweka nyumba yake wakfu, kuhani anakwenda kuitazama, kama ni njema au ni mbovu, na kuitaja thamani yake. Na katika sura hiyo hiyo, mtu aliyeweka nadhiri akawa maskini hata asiweze kiasi kilichowekwa, analetwa mbele ya kuhani, naye anampimia kadiri ya uwezo wake.

Sheria ni moja, na ina vipimo viwili. Kwa nini? Sisi twaona ni kwa sababu nusu shekeli ilikuwa ya kuhesabu watu. Nafsi ya tajiri na nafsi ya maskini zina bei moja, na hapo kutoza tofauti kungekuwa kumtukana mmojawapo. Nyumba si nafsi. Nyumba ni mali, na mali hazilingani. Anayeitoza nyumba kana kwamba ni kichwa cha mtu amechukua kipimo kitakatifu akakiweka mahali pasipo pake. Waingereza walijaribu kufanya hivyo kwao: mwaka 1990 wakaacha kodi ya nyumba, wakatoza kila mtu mzima kiasi kimoja katika halmashauri yake. Watu walifanya ghasia London, na mwaka 1993 kodi ile ikaondolewa. Badala yake nyumba zikapangwa katika makundi machache kwa thamani zake. Kundi ni kipimo cha jicho la mbali, halihitaji mthamini apime kila dirisha. Lakini hata wao wamelala: nyumba za Uingereza zinapangwa mpaka leo kwa bei za Aprili 1991.

Basi sisi twaelekea upande wa makundi. Mtendaji wa kijiji pamoja na wajumbe wanaweza kutofautisha nyumba ya vyumba viwili na jumba, na orodha ikabandikwa ukutani ofisini watu wote waione. Tofauti kati ya kodi na hongo iko hapo ukutani. Tunajua hatari yake. Jirani atakuwa hakimu wa jirani, na sisi watu wa mji mdogo tuna kumbukumbu ndefu juu ya mipaka ya mashamba. Hata hivyo twaona afadhali ugomvi unaofanyika mchana mbele ya watu kuliko usawa ambao mjane anaulipia.

Wazee tusiwasahau. Sheria yamsamehe mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoishi, na vilevile mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Lakini mita haijui umri wa mtu. Ni lazima maombi yaandikwe na kupelekwa, na bibi asiyesoma atayaandikaje? Hili si la kumngojea Waziri. Umoja wa Akina Mama wanaweza kulifanya wiki hii.

Liko neno la mwisho, nalo linatuhusu sisi wenyewe tulio na vyumba vya kupangisha. Sheria yamtaja mwenye nyumba kuwa ndiye mlipaji. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Akinunua wa shilingi 5,000, kodi yetu imekwisha kutoka mfukoni mwake, nasi tumelala. Tulipolizungumza jambo hili, wengi tulisema hatukuwa tumelifikiria. Mmoja akasema kweli, kwamba alilifikiria tangu mwanzo akaona anyamaze.

Huyo alichukua kalamu mbele yetu. Kuanzia Agosti 2021 hadi Juni 2023 ni miezi 23 ya shilingi 1,000. Kuanzia Julai 2023 hadi Desemba 2024, mpangaji wake alipohama, ni miezi 18 ya shilingi 1,500. Jumla ilikuja shilingi 50,000 kamili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama angeweza kuitoa fedha hiyo sadaka Jumapili, kwa kuwa mpangaji amekwisha kuondoka. Mzee wa kanisa aliyekuwa karibu naye alimwuliza mpangaji alikwenda wapi. Akasema Kaliua, anafanya kazi ya useremala karibu na stesheni. Basi, akaambiwa, garimoshi lafika Kaliua.