Ufasaha Usiojuta

Kitabu cha kwanza kijulikanacho cha mtu kujisimulia maisha yake kwa Kiswahili hakikuandikwa na shehe wala malenga. Kiliandikwa na mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyezaliwa Unguja katika miaka ya 1830 na kufia huko huko mwezi wa Juni 1905, anajulikana zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip, ambayo wengine huinasibisha na mlio wa bunduki zake na wengine na kupepesa kwa macho yake. Aliandika habari zake kwa hati za Kiarabu baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, naye Brode akazigeuza kwa hati za Kirumi, akazitafsiri na kuzichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Zaidi ya nusu karne baadaye W. H. Whiteley alizitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Msomaji akifungua kitabu hicho hukutana na Kiswahili cha kuonewa wivu. Sentensi ni fupi, zimenyooka, hazina kiburi cha msamiati. Safari zinapita, wafalme wa bara wanaanguka, madeni ya Wahindi yanalipwa, wageni wa Kizungu, Livingstone, Cameron, Stanley, wanafika na kuondoka. Pembe hupimwa kwa frasila. Mateka huhesabiwa vichwa, na aghalabu hutajwa pamoja na pembe katika pumzi moja. Walioteka wana majina na nasaba, nao watekwaji walio wengi hawana hata jina. Katika kurasa zote hizo hakuna mahali msimulizi anapositasita na kujiuliza kama alilolitenda lilikuwa haki. Ndipo swali linapozaliwa: je, msomaji wa Kiswahili afanye nini na ufasaha usiojuta? Aufurahie kwa lugha yake, au aukatae kwa matendo yake?

Kisa kimoja kinalifanya swali hilo kuwa zito zaidi. Mapema katika miaka ya 1870 Tippu Tip alipata habari za mtawala mzee wa Utetera, Kasongo Rushie, ambaye jamaa zake wa kike walichukuliwa mateka zamani katika vita wasionekane tena. Akaiokota huzuni hiyo ya mwenzake akaifanya hila. Alijitangaza kuwa ni mjukuu wa mmoja wa wanawake wale, damu iliyopotea na sasa imerejea kwao. Mzee akaamini, akamkabidhi utawala, na pamoja na utawala ikaja pembe nyingi. Msimulizi mwenyewe anaieleza hila hii bila haya, kama mchezaji wa bao aelezavyo kete iliyompa ushindi.

Katika kisa hiki limo jambo la kushangaza kuliko ukatili wowote wa vitani. Mtu huyu alijua fika mateka ni nini. Alijua kuwa aliyetekwa ni binti wa watu, ana kaka anayemngoja, na kwamba miaka mingi haifuti kungoja huko. Bila kulijua hilo asingeweza kuitunga hadithi yake ikaaminika. Basi wasemao kwamba wafanyabiashara wa utumwa hawakutambua utu wa waliowateka, hawasemi kweli yote. Waliutambua, na wakati mwingine waliutumia. Hapa uovu haukutokana na kutojua, bali ulikuwa ni kujua kulikokosa kuutikisa moyo.

Wala haikuwa kwake peke yake. Bi Salme binti Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886. Mama yake alikuwa mwanamke wa Kicherkesi aliyetekwa angali mtoto na kuja kuwa suria wa Sultani. Hata hivyo, binti aliyenyonya maziwa ya mateka alitumia sehemu ya kitabu chake kuutetea utumwa wa Mashariki. Kumbe kuwa karibu na jeraha si lazima kumfundishe mtu maumivu.

Udhuru wa kwanza unaotolewa kwa ajili ya Tippu Tip ni zama zake: ndivyo watu walivyokuwa, asihukumiwe kwa mizani ya leo. Udhuru huu una sehemu ya haki, kwani ni rahisi kuwa mwema katika karne isiyokuwa na kishawishi hicho. Lakini unasahau jambo moja. Waliokuwa minyororoni nao walikuwa watu wa zama zile zile, na hawakungoja karne nyingine ndipo wajue kuwa wamedhulumiwa. Walitoroka, walilia, walipigana. Tena dini aliyoifuata mwenyewe ilikuwa imekwisha kuhesabu kumwacha mtumwa huru miongoni mwa mambo makubwa ya kheri, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Sayyid Barghash wa Juni 1873, naye angali katika nguvu zake. Mizani ilikuwapo. Aliyekosekana ni wa kuishika.

Udhuru wa pili ni kumwonyesha aliye mbaya zaidi. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alijinadi kuwa adui wa biashara ya watumwa. Mwaka 1887, kwa mkono wa Stanley, alimwajiri Tippu Tip huyo huyo awe wali wake katika maporomoko ya Kongo. Baadaye majeshi ya dola yake yakawapiga vita Waarabu na Waswahili wa huko kwa jina la ukombozi, kisha nchi ikageuzwa shamba la mpira ambamo mikono ya watu ilikatwa. Leopold hakuitia mguu Kongo maisha yake yote. Haya yote ni kweli, na yanastahili kusemwa kwa sauti. Lakini dhambi ya jirani haijapata kuwa sabuni. Wawili hao walifungwa na karatasi moja, na karatasi hiyo haimtakasi hata mmoja wao.

Lugha yenyewe ni shahidi ambaye hajaitwa kizimbani. Kiswahili kilitoa katika mzizi mmoja, kutuma, maneno mawili: mtume na mtumwa. Wa kwanza ametumwa na ujumbe, na ulimwengu unatakiwa kumsikiliza. Wa pili naye ametumwa, ila ujumbe wake hakuna aliyeuuliza. Neno muungwana, linalotumika leo kwa mtu mwenye adabu na staha, hapo kale lilimaanisha asiyekuwa mtumwa. Kila amsifuye mwenziwe kwa uungwana hugusa, bila ya kukusudia, kivuli cha yule aliyenyimwa sifa hiyo kwa kuzaliwa au kwa kutekwa. Mfasiri hawezi kuyaepa maneno haya, na msomaji makini naye asiyaepe.

Sauti za upande wa pili ni chache, lakini zipo. Katika miaka ya 1860, katika misheni ya Kikatoliki ya Unguja, binti wa Kiyao aitwaye Swema alisimulia alivyouzwa, mama yake alivyofia njiani, na yeye mwenyewe alivyozikwa angali hai akidhaniwa hana maisha, hata kilio chake kikasikiwa akafukuliwa. Simulizi yake imefika kwa kalamu ya mapadri, kwa Kifaransa, pamoja na makusudio yao. Mwenye bunduki aliandika mwenyewe kwa Kiswahili fasaha, na aliyefukuliwa kaburini ameachiwa sauti ya kuazima. Tofauti hiyo peke yake ni hukumu.

Visiwani habari hizi zina moto. Wapo waliozigeuza fimbo ya kuwapigia wajukuu kwa makosa ya mababu, na wapo waliozifunika kwa kuogopa fimbo hiyo. Wote wawili wamekosea. Dhambi hairithiwi, wala hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. Isitoshe, mtoto wa suria alikuwa huru na akaandikwa katika nasaba ya babake, hivyo katika nyumba nyingi mteka na mtekwa ni babu na bibi wa mtu mmoja. Kinachorithiwa ni habari, na mficha uchi hazai.

Kwa hiyo kitabu cha Tippu Tip kisomwe, tena kisomeshwe, na ufasaha wake usikanwe. Lakini kila panapotajwa vichwa vya mateka, msomaji asimame aulize swali ambalo Brode hakuliuliza na msimulizi hakulitarajia: nani huyu, na nani anamngoja kwao? Kasongo Rushie alilijua swali hilo. Alitapeliwa kwa sababu hakuacha kuliuliza, na katika kisa kizima ndiye peke yake ambaye msomaji hana haja ya kumtafutia udhuru.