Nyumba ya Jirani

Wahenga walinena: mwenzio akinyolewa, nawe tia maji. Hawakutwambia, hata hivyo, ni lini tuingie nyumbani kwa mwenzetu kumpokonya kinyozi wembe.

Jina la Kariakoo latukumbusha upande mmoja wa swali hili. Limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliowekwa kambini hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Waafrika hao walibebeshwa mizigo ya vita ambavyo hawakuulizwa.

Upande wa pili ulidhihirika miaka sitini baadaye. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Lakini majeshi ya Idi Amin yalipovamia ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera, Oktoba 1978, hatukukomea kuyafukuza. Tulivuka mpaka, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Huko Monrovia, Julai mwaka ule, baadhi ya viongozi wa Afrika walitulaumu.

Lawama ile haikuwa ya bure. Kanuni inayomkinga dhalimu ndiyo inayomkinga mnyonge asimezwe na mwenye nguvu. Lakini je, waliokuwa wakiuawa Uganda walikingwa na nini? Sheria ya kuunda Umoja wa Afrika, ya mwaka 2000, ilikuja kukubali kwamba mauaji ya kimbari si siri ya nyumba.

Hivyo, kuvuka kizingiti kwaweza kuwa haki. Hata hivyo, hapana budi tujiulize: nani atabeba mzigo, naye ameulizwa? Na mwenye nyumba atarudishiwa lini ufunguo wake?