Wachukuzi Wanne (Marko 2:1–12)



Habari ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu twaisoma mara nyingi, nasi hupenda kuutazama mwisho wake, jinsi alivyojitwika kitanda chake akaenda zake. Leo tuutazame mwanzo: watu wanne, kila mmoja ameshika pembe yake. Na ili tuwaone vema, tuweke mbele yetu mfano wa mtu wa siku zetu hizi.

Huko Uingereza mtu mmoja, jina lake Martyn Ashton, alipata riziki yake kwa kupanda baisikeli ya milimani. Aliruka nayo kutoka jiwe hata jiwe, akapita juu ya kuta nyembamba, wala mguu wake haukugusa chini. Alipata ubingwa katika nchi yake, na watu wengi wakakusanyika kumtazama. Mwaka 2003 alivunjika mgongo, akapona, akairudia kazi yake. Hata mwaka 2013, alipokuwa akionyesha ustadi wake mbele ya watu huko Silverstone, akaanguka kutoka mahali palipoinuka kama mita 3. Mara hii hakuumia mifupa tu. Mfupa uliovunjika huunga. Lakini mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya mgongo ukiisha kuharibika sana, hata leo waganga hawana dawa ya kuurudisha. Tangu siku ile miguu yake haikumtii tena.

Siku ile alikuwa na kazi aliyoiacha nusu, ndiyo picha ya sinema ya ustadi wake. Rafiki zake wawili, Danny MacAskill na Chris Akrigg, wakaishika pale alipoiachia, wakaimaliza, ikaonyeshwa mwaka ule ule. Na mwaka 2015 Ashton akapanda tena baisikeli katika milima ya Wales, akishuka pamoja na rafiki zake. Baisikeli yake ilikuwa imewekewa kiti cha kumshika mwili. Lakini fikirini neno hili: baisikeli ya magurudumu mawili haisimami yenyewe. Asiyeweza kuweka mguu chini hana budi kushikwa na wenzake aanzapo, na kupokewa nao asimamapo. Bingwa aliyesifiwa kwa kutogusa chini sasa hawezi kuanza pasipo mikono ya wengine.

Basi, turudi Kapernaumu. Mwinjili asema kwamba Bwana aliiona imani ya wale waliochukua. Hakumwuliza mgonjwa kipimo cha imani yake. Na neno la kwanza alilompa halikuwa neno la miguu, bali la ondoleo la dhambi. Maana mtu aweza kuwa mzima mbele za Mungu angali amelala kitandani. Wako kati yetu wamwambiao kiwete, “Ungaliamini, ungalitembea.” Maneno hayo ni jiwe lililofungwa shingoni mwa mtu ambaye amekwisha kulemewa. Ndugu yetu akiwa amelala, Bwana hutafuta imani kwetu sisi tusimamao.

Kwa hiyo twawasihi, enyi walimu na wazee wa kanisa: hesabuni katika mitaa yenu wale wasioweza kuja kwa miguu yao. Je, yuko aliyekuwa mwimbaji wetu hodari kabla hajaanguka mnazini, na sasa twamtaja katika sala tu, wala hatufiki mlangoni pake? Je, Meza ya Bwana hupelekwa nyumbani kwake? Ngazi za kanisa letu zamruhusu kuingia? Na ile kazi aliyoiacha nusu, shamba lake na ada ya watoto wake, ni nani aliyeishika?

Wale wanne waliona mlango umezibwa na watu, wakatoboa dari. Hawakurudi nyumbani wakisema, “Tulijaribu.” Pembe za kitanda ni nne, kila mmoja wetu ashike moja.

Bwana mwenyewe, aliyeichukua mizigo yetu msalabani, atutie nguvu mikononi. Amina.